Kupanda Uluguru peke yako mwezi wa kumi, vuli ikiwa bado haijapiga

MSAFIRI WA TABATA (mleta uzi)

Habari za humu wadau. Nyuzi za Kilimanjaro na Meru zipo nyingi na zinasaidia watu. Huu ni wa Uluguru, mlima ambao sisi wa Dar tunaupita kila tukienda Dodoma, Iringa au Mbeya. Tunauona umejifunika mawingu juu ya Morogoro mjini, basi linatoka stendi ya Msamvu, tunausahau.

Nianze na ninachokiamini: ukitaka kuujua mlima huu, nenda mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa kumi ukielekea ukingoni, na ukiweza nenda peke yako, siku ya kazi. Wengi watakushauri uende mwezi wa sita kila kitu kikiwa kijani. Kijani kinapendeza kwenye picha lakini kinaficha mengi. Mwezi wa kumi kila kijito kinakuonyesha kama huko juu yake bado kuna msitu au umeshakwisha.

Nitaeleza vizuri, ila kwanza njia, maana najua ndiyo mtakayoniuliza.

Treni ya SGR daraja la kawaida nilipanda kwa 13,000, na kwa muda wa saa mbili hivi ukawa uko Morogoro. Stesheni lakini iko Kihonda, nje ya mji, na ukija na treni ya asubuhi ileile jua litakukuta ungali chini. Mimi nilifika jana yake jioni nikalala mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshaanza kupanda. Mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Morningside, jengo la zamani mlimani nililokuwa naliendea, iko zaidi ya mara mbili ya hapo, na joto la Morogoro la mwezi wa kumi mnalifahamu. Ukianza saa tatu utachoka kabla hujafika popote.

Unashika Barabara ya Boma, unapanda nayo mpaka lami inakwisha na Mto Morogoro unaanza kusikika bondeni. Kuanzia hapo uko kwenye njia ya watu wa mlimani. Asubuhi ile nilipishana na kina mama wengi wakishuka na ndizi, kabichi na karoti kichwani kwenda Soko la Chifu Kingalu. Wanashuka haraka na mzigo ni mzito. Ukiwaona, toka njiani kabisa, panda kidogo kwenye ukingo upande wa mlima, wapite. Amkia wakubwa, wape pole ya mzigo. Hiyo ni heshima, na kwa mtu aliye peke yake ni usalama pia, kwa sababu kuanzia hapo mlima mzima unajua kuna mgeni amepita, amevaa nini na anaelekea wapi.

Naendelea, msiondoke.

FUNDI WA KIHONDA

Tupo dada, shusha vitu. Mimi nimezaliwa hapa chini ya mlima na Morningside nimefika nikiwa shule ya msingi tu, tulipelekwa na mwalimu. Aibu kwetu wenyeji.

MSAFIRI WA TABATA

Asante kaka. Sasa vijito.

Njia inakata vibonde vingi vidogo vinavyoteremka kwenda Mto Morogoro. Vya chini kabisa, karibu na mji, vilikuwa vimekauka. Mawe matupu, majani makavu, mahali pengine kidimbwi cha maji yaliyosimama yenye ukijani. Ukiinua macho kufuata bonde lenyewe unaona kwa nini: shamba juu ya shamba mpaka kwenye mgongo wa mlima, udongo mwekundu uko wazi, mahindi yalishavunwa, umebaki mgomba mmojammoja. Hakuna kitu cha kushika maji. Mvua ya masika inapopiga pale inateremka ndani ya saa chache na udongo wake, na ikifika mwezi wa kumi hakuna akiba.

Unapanda tena. Kibonde kinachofuata, kavu. Unaanza kuzoea. Halafu unapinda kona moja unasikia maji kabla hujayaona, na unakuta kijito kinatiririka, maji ya baridi, safi, kama vile kiangazi hakijapita hapo. Unainua macho tena kufuata bonde: huko juu kuna msitu.

Nilianza kufanya hivyo kila kibonde. Nasimama, naangalia maji kwanza, nakisia kilichopo juu, ndipo natazama. Kwenye kona ile na kuendelea sikukosea hata mara moja. Mwezi wa sita huwezi kufanya zoezi hili, kwa sababu kila mahali kuna maji na vibonde vyote vinafanana.

Ndiyo maana nasema nenda peke yako. Ukiwa na kundi utasimama mara mbili, mara ya tatu wenzako watakuambia twende, jua linapanda.

KIJANA WA KILAKALA

Mleta uzi naomba kuuliza kwa nia njema. Wewe ni mwanamke, peke yako, siku ya kazi, njia haina watalii. Hukuogopa? Maana habari za watu kuporwa simu milimani tunazisikia, si Uluguru tu.

MSAFIRI WA TABATA

Swali la msingi, nalijibu kwa kirefu.

Hofu ilikuwepo nilipoanza. Niliyofanya ni haya. Mwenye nyumba ya wageni nilimwambia napanda njia gani na nitarudi saa ngapi, na akiona saa kumi na moja jioni sijaingia apige simu. Dada yangu Dar nilimtumia ujumbe huohuo. Simu ilikaa ndani ya mkoba, picha nilipiga mahali palipo wazi tu. Kila penye nyumba nilipiga hodi nikauliza njia, hata pale nilipokuwa naijua, ili nionekane na nisikike. Na nilijiwekea saa ya kugeuza: saa saba mchana, popote nitakapokuwa, hata kama nimebakiza hatua mia. Jua linazama saa kumi na mbili na kitu jioni, na kushuka kunachukua muda kuliko mtu anavyofikiri.

Mtandao unashika vizuri unapouona mji, ukiingia kwenye bonde unakata. Usitegemee ramani ya simu peke yake. Vijinjia vya mashambani ni vingi mno, na vingi vinaishia mlangoni kwa mtu.

Watu waliniuliza sana "mwenzio yuko wapi?" Nilijibu ukweli kwamba niko peke yangu, nimekuja kuangalia vijito. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda shambani kwake aliposikia hivyo alibadilisha njia, akapita nami mpaka tulipovuka sehemu ya magugu marefu, akanionyesha mgongo wa kufuata, ndipo akarudi. Hakutaka kitu. Nilimlazimisha achukue machungwa.

Siwezi kukuahidi kwamba hakuna wezi. Ninachoweza kusema ni kwamba njia yenye wakulima wanaofanya kazi ina macho mengi, na mwezi wa kumi wapo mashambani wanaandaa ardhi ya vuli.

DEREVA WA MASAFA

Na kibali je? Mimi nilisikia Uluguru ni hifadhi, mtu haingii tu.

MSAFIRI WA TABATA

Sahihi. Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ilitangazwa 2008, zaidi ya hekta 24,000, iliunganisha misitu ya Uluguru kaskazini na kusini. Njia ya chini inapita kwenye ardhi ya vijiji. Ukitaka kuingia msituni, kwa mfano kwenda kilele cha Bondwa kwenye minara ya mawasiliano au Lupanga, pita ofisi ya TFS hapohapo Morogoro, lipa kiingilio, chukua mwongozaji. Huko juu ni zaidi ya mita 2,100, ukungu unashuka ghafla na huoni miguu yako. Huko sikushauri uende peke yako, na mimi mwenyewe niliishia ukingoni mwa msitu.

FUNDI WA KIHONDA

Naongezea kwa wanaotoka mbali: bodaboda wapo wa kukupandisha kipande cha chini, patana naye bei kabla hujakaa. Ila kwa alivyoeleza dada, ukipanda boda hivyo vibonde vikavu vya chini hutaviona, na ndivyo vinavyofanya vile vya juu vieleweke.

MSAFIRI WA TABATA

Kabisa. Tuendelee na Morningside na ukingo wa msitu.

Morningside ni jengo la zamani la enzi za Wajerumani, limekaa kwenye bega la mlima. Ukikaa pale unaona mji wote umelala chini, unaona na Bwawa la Mindu ambalo watu wa Morogoro wanakunywa maji yake. Msitegemee kuona mbali zaidi ya hapo. Mwezi wa kumi kuna moshi wa mashamba na vumbi, upeo wote ni wa kijivu. Anayetaka picha ya mandhari asubiri baada ya mvua. Nilikula chapati na mayai ya kuchemsha, nikapumzika, nikavua viatu.

Halafu nikapanda kuelekea msitu unapoanzia, na hapa naomba mnivumilie.

Mashamba yanakwisha na miti inaanza kama umevuka kizingiti. Joto linashuka hapohapo, kiasi kwamba jasho la mgongoni likanipa baridi. Nyuma yangu ardhi ilikuwa vumbi. Mbele yangu mashina ya miti yalikuwa yamevaa kuvumwani nene, nikaigusa, ilikuwa imelowa. Nilipoikamua kidogo maji yakapita katikati ya vidole. Hakukuwa na mvua yoyote wiki zile. Niliuliza mashambani, wote walikuwa wanaisubiri.

Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, unakutana na mlima, unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Wingu likipita kwenye mashamba matupu linapita tu. Likipita msituni linakutana na majani, kuvumwani, ndevu za miti na mimea inayoota juu ya matawi, na vyote hivyo vinalikamata tone kwa tone na kulidondoshea chini. Chini kuna majani yaliyooza na udongo wenye mizizi, unayanywa maji na kuyaachia polepole miezi yote ya kiangazi. Upande wa mashariki, unaoelekea baharini, ndio unaopata mvua nyingi zaidi, upande wa magharibi, kule Mgeta, ni mkavu kidogo. Haya niliyasoma shuleni. Kuyasikia yakidondoka kwenye kofia yako wakati vumbi bado liko kwenye viatu ni jambo lingine.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokaa Morningside. Nilisikia mbega mbali bondeni. Chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, walikuwa kwenye maua ya ukingoni, na humu Uluguru kuna chozi ambaye hayupo mahali pengine popote duniani, kitaalamu anaitwa Cinnyris loveridgei. Kama nilimwona yeye au ndugu yake siwezi kuapa, alikwenda haraka. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, ina viumbe wa namna hiyo wengi, kila mlima na wa kwake.

Saa saba ilipofika niligeuka kama nilivyopanga.

BINTI WA MBURAHATI

Nimesoma mpaka mwisho na mimi si mtu wa milima. Kilichonigusa ni kwamba mwezi huohuo wa kumi ndio sisi Dar tunapata mgawo wa maji. 2022 tulikuwa tunaamka usiku kukinga ndoo. Je, hayo maji uliyoyaona ndiyo yetu?

MSAFIRI WA TABATA

Ndiyo mdogo wangu, na ndicho kilichonipeleka. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolisha mitambo yetu ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mito mingine mikubwa zaidi inatoka upande wa pili wa mlima na kusini yake, nayo inakwenda Ruvu hiyohiyo. Mwaka ule wa mgawo tuliambiwa kina cha Ruvu kimeshuka kwa sababu ya ukame. Ni kweli mvua ilikosekana. Lakini mto unaishi kiangazi kwa akiba iliyoko mlimani, na nilitaka kuona akiba hiyo kwa macho yangu wakati iko chini kabisa. Niliyoyaona ni kwamba akiba ipo pale tu msitu ulipo.

Sasa hivi linajengwa Bwawa la Kidunda kwenye Mto Ruvu, na ni jambo jema, litatusaidia kuhifadhi maji ya masika. Lakini bwawa linahifadhi maji yaliyofika. Udongo wa mlimani ukiendelea kuteremka, utafika nao.

MZEE WA MGETA

Mwanangu msafiri, nakupa heko kwa kupanda na kutazama. Ila nikiwa Mluguru naomba niseme neno kabla uzi haujageuka kuwalaumu wakulima.

Watu wanapolima mpaka kwenye mgongo wa mlima, si kwamba hawajui. Mlima umejaa watu, mashamba ni madogo, na kwa desturi yetu ardhi ni ya ukoo, upande wa mama. Mtu aliyepewa shamba la kulima kwa muda hapandi mti wa kudumu bila wenye ukoo kukubali, maana kupanda mti ni kusema hapa ni pangu. Mtaalamu asiyejua hilo anagawa miche, miche inafia kwenye viriba, anaandika ripoti kwamba wakulima ni wagumu.

Na tuna kumbukumbu. Wakati wa Mwingereza walikuja na mpango wa matuta ya lazima. Kila mtu achimbe, asiyechimba apigwe faini. Udongo wa juu wenye rutuba ukazikwa, ukaja juu ule mwekundu usioota kitu. 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakaletwa, mtu akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Baba yangu alikuwa kijana wakati huo, tumesimuliwa mpaka leo. Sasa njoo Mgeta uone: matuta yapo, watu wanalima mboga za kulisha mpaka soko la Dar, na hakuna aliyewalazimisha. Matuta yanatufaa tunapoyachagua wenyewe na kuyachimba kwa namna ya ardhi yetu.

MSAFIRI WA TABATA

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, na maneno yako yakae kwenye uzi huu kwa uzito wake. Sina nia ya kuwalaumu. Yule mama aliyenisindikiza shamba lake liko kwenye mteremko mkali, na ana watoto wa kusomesha.

Ninachokiona mimi ni kwamba sisi wa chini tunakunywa na wa juu wanabeba. Kulikuwa na mradi wa mashirika ya CARE na WWF kule Kibungo Juu, hukohuko Uluguru, ambao wakulima walilipwa kwa kutunza udongo: makinga maji ya fanya juu na fanya chini (mitaro ambayo udongo wake unatupwa upande wa juu au wa chini), matuta, miti kwenye mashamba. DAWASCO ya wakati ule, kampuni ya maji ya Dar, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Kwa maoni yangu wazo lile lilikuwa sahihi na lilistahili kuwa la kudumu badala ya kuwa la mradi wenye mwanzo na mwisho. Sehemu ndogo ya bili yangu ya maji ikienda kwa mtu wa Kibungo au wa juu ya Mto Morogoro ili aache kipande cha mlima kipumzike, nailipa bila kinyongo.

MZEE WA MGETA

Marahaba mwanangu. Hapo tumeelewana. Na fedha hiyo ipite kwa wenye ardhi, wakiwemo kina mama, isiishie ofisini.

DEREVA WA MASAFA

Huu ndio uzi. Mzee endelea kutuelimisha. Na lile pango la Kolelo liko upande gani?

MZEE WA MGETA

Upande wa Matombo. Ni mahali pa mizimu, pa kuheshimiwa, hapaendewi kama pikiniki. Ukitaka kwenda, anza kwa wazee wa kijiji, wao ndio watakaokuambia lini na vipi. Siongezi zaidi ya hapo mtandaoni.

KIJANA WA KILAKALA

Turudi kwenye safari. Umetaja moshi. Nikiwa hapa mtaani kwetu usiku mwezi wa kumi naona mistari ya moto mlimani. Mpandaji aliye peke yake afanyeje akikutana nao?

MSAFIRI WA TABATA

Asante kwa kulileta, nilitaka kulisahau na ndilo hatari kubwa ya msimu huu kuliko wezi na kuliko nyoka.

Niliona moto kwenye mteremko wa ng'ambo, mtu anasafisha shamba. Kanuni ya kwanza: moto unapanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto linakausha majani ya juu kabla moto haujafika. Kwa hiyo usipite juu ya moto hata kama unaonekana mdogo na uko mbali. Usiingie kwenye kibonde chembamba chenye nyasi kavu ukiwa unaona moshi chini yake, kibonde kinauvuta moto juu. Zunguka kwa chini au kwa pembeni upepo unakotoka, na ukibanwa, mahali penye usalama ni shamba lililolimwa likabaki udongo mtupu, au palipokwisha kuungua na kupoa. Ukiona upepo umebadilika na moshi unakujia, shuka siku hiyo, utapanda siku nyingine.

Na usiwashe chochote wewe mwenyewe. Chai beba kwenye chupa.

FUNDI WA KIHONDA

Viatu gani?

MSAFIRI WA TABATA

Vyenye meno. Kushuka ndiko kugumu: udongo umekauka, juu yake kuna changarawe ndogo zinazoteleza, na magoti yameshachoka. Kata fimbo au nunua, shuka kwa hatua fupi, ubavu ukiangalia bonde. Wazee wanashuka na kandambili na mzigo kichwani lakini wamezaliwa nayo hiyo njia.

Maji nilibeba lita tatu na yaliisha. Ya vijito usinywe hivihivi hata yakiwa safi machoni, juu yake kuna nyumba na mifugo. Beba vidonge vya kusafishia maji. Kofia, nguo nyepesi ya mikono mirefu, na koti dogo la mvua hata kama mbingu ni nyeupe, maana vuli haipigi simu kabla ya kuja. Mvua ya kwanza ikinyesha udongo ule mwekundu unakuwa wa kuteleza mno, na radi kwenye migongo ya mlima ni za kuogopwa. Ukiona mawingu meusi yanavuka mgongo kutoka mashariki, usibishane nayo.

BINTI WA MBURAHATI

Dada swali la mwisho. Nina mtoto wa miaka tisa, anasoma mambo ya maji na misitu shuleni. Nataka nimlete Novemba mwanzoni, mimi na yeye tu. Inafaa?

MSAFIRI WA TABATA

Inafaa, ila si safari nzima na si peke yenu. Tafuteni mwongozaji mwenyeji, wapo mjini wanaofanya utalii wa kitamaduni, na wapigie siku moja kabla kuuliza kama mvua imeshaanza. Ikiwa imeanza, ahirisha mpaka njia ikauke.

Ikiwa bado, anzeni saa kumi na mbili asubuhi. Msiwaze kufika Morningside. Nendeni mpaka kijito cha kwanza chenye maji yanayotiririka, kwa mwendo wa mtoto. Njiani mwache yeye ndiye aseme kila kibonde kama kina maji au hakina, na aandike kwenye daftari anachokiona juu yake: shamba, migomba, miti, msitu. Saa nne na nusu geuzeni, jua la kushuka na mtoto ni kali. Mvalishe soksi ndefu, kuna upupu kwenye kingo za mashamba, na asishike chochote chenye manyoya manyoya hata kikiwa kizuri.

Mkifika mjini, kabla ya treni, pitieni Soko la Chifu Kingalu, mumnunulie ndizi zilizoteremka asubuhi hiyo. Niandikie faragha nikupe namba ya nyumba ya wageni niliyolala, ni safi na mwenyewe anaelewa mambo ya kuondoka alfajiri.